Mwanamke Aliyepanda Lusiola

Kila asubuhi, kabla hajatandika gunia lake, Zipporah aliinyunyizia ardhi maji. Alichota kiganjani kutoka kwenye jerikeni ya manjano na kurusha huku na huku, taratibu, kama mtu anayelisha vifaranga. Alisema ni kwa ajili ya vumbi, lisirukie mboga. Lakini alinyunyiza hata siku ambayo mvua ilikuwa imekesha ikinyesha na barabara nzima ilikuwa uji wa udongo mwekundu.

"Senje, sasa unanywesha tope?" vijana wa bodaboda walimuuliza.

"Tope ni langu. Liacheni linywe."

Hakuacha tabia hiyo. Hata mboga zilipokwisha, hata gunia lilipokwisha, aliendelea kunyunyiza.

Aliuza saga, mrenda na kunde kando ya barabara inayoteremka kutoka mjini Kakamega kuelekea mto Isiukhu. Kushoto kwake aliketi Pascalia na ndizi zake. Kulia aliketi Mideva na cherehani, akibadilisha zipu na kupunguza sketi za sare za shule. Mideva alikuwa amepita arobaini kidogo, na Zipporah alikuwa kama amemtangulia kwa miaka ishirini, ndiyo maana akamwita senje, shangazi, ijapokuwa mmoja alikuwa Mmaragoli na mwingine aliolewa Matungu, kwenye nchi ya miwa. Watu wakikaa bega kwa bega muda mrefu, ukoo hujitunga wenyewe.

Habari za Matungu Zipporah alizisimulia kidogo kidogo, na kila mara akiwa na kazi mikononi, akichambua saga. Mume wake alilima miwa ya kuuzia kiwanda. Alipokufa na matanga yakaisha, ndugu zake waliketi kugawana shamba. Zipporah hakuomba mengi. Aliomba kile kipande cha karibu na kijito alichokuwa akilima mihogo tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi. Makhanu, shemeji yake mkubwa, hakumkatalia kwa maneno. Alimshika mkono mbele ya watu wote, akamzungusha shambani kutoka mti hadi mti.

"Huu aliupanda baba. Huu niliupanda mimi. Ule pale aliupanda marehemu mwenyewe, nikimshikia jembe. Sasa shemeji, na wewe nionyeshe wako."

Hakuwa nao. Hakuna mke wa boma lile aliyekuwa nao. Tangu wakiwa wasichana walikuwa wameambiwa kwamba mwanamke akipanda mti, mume wake atakufa, au tumbo lake litafunga asizae tena. Mwanamke alipalilia, alivuna, alikata kuni kwenye matawi, lakini hakuchimba shimo akaweka mche. Sababu nyingine haikusemwa. Ilionekana tu siku kama ile, watu wakisimama mpakani wanauliza nani mwenye ardhi. Hapo mashahidi walikuwa miti, na miti yote ilikuwa imepandwa na wanaume.

"Niliutii mwiko wao miaka yote," Zipporah alimwambia Mideva, akitupa bua la saga. "Halafu utiifu wangu ndio wakautumia kunifukuzia."

Hayo ndiyo aliyoyabeba alipokuja mjini. Na hayo ndiyo watu wa mradi hawakuyajua.

Mradi uliitwa Mji Kivuli. Kabla yake, mtaa ule ulikuwa umeshaletewa mambo mengi ya mazingira, na yote yalikuwa yamezikwa bila matanga. Yalikuja mapipa ya rangi tatu ya kutenganisha takataka. Watu walitenganisha mwezi mmoja, wakaona lori moja linakuja na kuyamwaga yote pamoja. Kufikia Krismasi mapipa yalikuwa yanahifadhi maji ya kunywa majumbani huko mtaa wa Amalemba. Ikaja amri ya wakaanga samaki wasitumie kuni, na hakuna aliyewaonyesha watumie nini, basi wakakaanga alfajiri kabla askari hawajaamka. Kila kitu kilipokufa, kulitokea mtu kwenye redio akisema wananchi hawajali mazingira.

Kwa hiyo Cornelius, afisa kijana wa mradi, alipoitisha baraza na kushika kipaza sauti, watu walikuja kwa sababu ya soda. Alieleza juu ya joto la dunia. Alieleza juu ya lami inavyohifadhi jua. Wanawake walijipepea kwa majani ya ndizi na kusinzia. Kisha akainua mche ulioatikwa kwenye karatasi nyeusi ya nailoni, na usingizi ukakatika.

Ilikuwa lusiola.

Mradi ulikuwa umeichagua kwa sababu hukua haraka na kutoa maua mazuri ya manjano. Lakini kila aliyezaliwa kati ya Butere na Malava anajua lusiola ni mti gani. Ndio mti wa mpakani. Ndio mti mtu anaopanda akitaka jirani yake ajue ardhi yake inaishia wapi.

"Kila mwenye biashara," alisema Cornelius, "atapanda mmoja mbele ya mahali anapouzia, na atautunza. Na tutafunga kibati chenye jina lake."

Zipporah alisimama. "Mwanangu, rudia hapo."

"Wapi, mama?"

"Hapo pa jina."

Akarudia.

"Jina langu mimi? Si la mume?"

Watu wakacheka. Cornelius naye akacheka, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali rahisi. "Jina la mwenye biashara, mama. Lako."

Zipporah aliketi. Soda yake alimpa Pascalia.

Siku ya kupanda, mashimo yalikuwa yameshachimbwa na wanawake walikuwa wamesimama kando yake kama wanaosubiri jeneza. Njia ya kuukwepa mwiko ilijulikana. Unamwita mwanamume anaweka mche shimoni, wewe unafukia tu. Vijana wa bodaboda walishaanza kutoza chapati moja kwa kila mche.

Zipporah aliwapita, akapiga magoti, akachana nailoni kwa meno.

"Senje," Pascalia alinong'ona, "si ungoje kijana akushikie?"

"Mume wangu alikufa bila mimi kupanda mti. Sasa huu utamuua nani?"

Aliuweka, akaufukia, akaushindilia kwa kisigino. Alipoinuka alimwona Mideva anatafuta simu mfukoni kumwita Nehemiah, mume wake, aliyekuwa na pikipiki pale stage ya bodaboda.

"Usimwite," Zipporah alisema, sauti ya chini. "Akiushika yeye, ni wake. Unataka mti wako au unataka mti wa Nehemiah?"

Mideva aliutazama mche. Alikuwa mtu wa kanisa na alisoma hadi kidato cha nne, na alijua, au alidhani anajua, kwamba mche ni mche tu. Alipiga magoti. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, na vijana wa bodaboda wakabaki bila chapati. Habari zilifika Mbale, kwao Nehemiah, kabla ya jua kutua. Mama mkwe wa Mideva alituma neno kwamba hatakula tena obusuma, ugali uliosongwa na mkono uliopanda mti, na kweli hakula.

Miti ile ilitunzwa kuliko watoto wengine wa mtaa ule. Waliizungushia miiba, na juu ya miiba vyandarua vilivyochanika. Wakati wa kiangazi waliinywesha maji ya kununua. Siku za mnada wa Lubao, mbuzi walipopitishwa barabarani, kila mwanamke alisimama mbele ya mti wake na fimbo. Philip, mwenye duka la vifaa vya ujenzi nyuma yao, alilalamika kwamba miti itaziba bango lake. Asubuhi moja mche wa Pascalia ulikutwa shina lote limepakwa oili chafu ya gari. Wanawake waliingia dukani kwa Philip wote kwa pamoja, wakaketi juu ya mifuko yake ya saruji na kukataa kuondoka mpaka alipotoka na sabuni na kuuosha mti kwa mikono yake.

"Miti, miti," alisema akisugua. "Mtakula miti?"

"Sugua na huku nyuma," Pascalia alimwambia.

Hakuna mti hata mmoja uliokufa kwenye barabara ile. Kule mbele ya maofisi, ambako miche ilipandwa na wakubwa wenye suti wakipigwa picha, yote ilikauka kabla ya mwaka kwisha. Cornelius hakuamini bahati yake. Alileta wageni kutoka Nairobi, akaleta wageni kutoka ng'ambo, na mwisho akaja na wasichana wawili wa chuo kikuu waliokuwa wanafanya utafiti: kwa nini watu wa mtaa huu waliunga mkono sera iliyokataliwa kwingine kote?

Zipporah alipata habari zao mapema, akawakusanya wenzake.

"Semeni kivuli. Semeni hewa. Pascalia, wewe sema ndege."

"Ndege gani?"

"Yeyote. Wageni hupendanga ndege."

Msichana aliyemhoji aliitwa Ashley, mpole, mwenye kucha ndefu zilizogonga kioo cha simu akiandika. "Shosho, nini kilikufanya ukubali huu mradi?"

"Hewa, mjukuu."

"Na kuna sababu nyingine?"

Zipporah aliutazama mti wake, ambao sasa ulimpita kimo. Mideva, aliyekuwa anashona, aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio ili asikie.

"Nyingine ya nini? Hewa haikutoshi?"

Ashley alicheka, akaandika.

Walipoondoka, Mideva aliuliza, "Kwa nini hukumwambia? Msichana mwenyewe ni mzuri."

"Mtu akikupa kitu bila kujua thamani yake, unamfundisha thamani?"

Mideva alirudisha mguu kwenye kanyagio. Aliona ni werevu wakati ule. Miaka iliyofuata, akiwa peke yake na cherehani, alifikiri sana juu ya jibu lile. Ofisi ilikuwa na hamu ya miti, wanawake walikuwa na hamu ya mahali, na kwa muda wa miaka mitatu kila upande uliutazama mche uleule na kuona kitu chake. Amani yote ya barabara ile ilikaa juu ya kutoulizana.

Mwaka wa tatu lusiola zilichanua. Barabara ikawa ya manjano juu na chini. Mwaka huohuo lori la miwa lilimgonga Nehemiah akiwa kwenye pikipiki, likamvunja paja na nyonga. Hakufa. Lakini kutoka Mbale lilikuja neno moja tu: mmeona. Zipporah alikwenda hospitalini na ingokho, kuku aliyempika mwenyewe, akaketi upande wa miguu ya mgonjwa.

"Ni lori lililomgonga," alimwambia Mideva walipotoka nje. "Si mti."

"Najua, Senje."

Alijua. Lakini tangu siku hiyo, kila alipokuwa ananywesha mti wake, aliunywesha kwa mbali kidogo.

Kisha mradi ulipata meneja mpya, Weldon, mtu nadhifu mwenye sauti ya kutangaza matokeo ya mtihani. Aliitisha mkutano wa maoni ya wananchi kwenye ukumbi wa kanisa. Safari hii kulikuwa na viti na maji ya chupa, na waliojaa mbele hawakuwa watu wa barabara ile bali watumishi wa serikali kutoka Milimani, walimu, wanafunzi. Ukutani alionyesha picha ya jinsi barabara itakavyokuwa: ukanda wa kijani, njia ya kutembelea, mabenchi. Miti ilikuwa palepale, kila mmoja mahali pake. Mideva alitafuta kwenye picha cherehani yake. Alitafuta gunia la Zipporah. Chini ya miti walikuwa wameketi watu weupe wa kuchorwa, na mmoja alikuwa anatembeza mbwa.

Biashara, Weldon alieleza, itahamishiwa soko jipya ng'ambo ya mto. Mizizi inahitaji ardhi isiyokanyagwa.

Alipouliza maoni, mikono iliinuka kwa wingi. Kila mtu sasa alipenda miti. Mwalimu mmoja alisema anajivunia kuishi Kakamega. Na Philip wa saruji alisimama, akarekebisha koti, akasema yeye kama mfanyabiashara ameunga mkono miti hii tangu mwanzo.

Pascalia aliangua kicheko, akanyamazishwa.

Ndipo Zipporah aliposimama. Alisogeza viatu sakafuni kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mguu.

"Mti ulio mbele ya gunia langu niliupanda mimi. Kwa mikono hii. Jina langu liko pale. Kwetu, aliyepanda ndiye mwenye mahali."

"Kwenu wapi, mama?" Weldon aliuliza, kwa upole wa kweli. "Hii ni barabara."

Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Na huko kwenu wanawake hupandanga miti?"

Ukumbi ulicheka. Walicheka hata wanawake. Zipporah alingoja wamalize, na walipomaliza akaketi, kwa sababu yule mtu alikuwa amesema kweli.

Weldon alitaka kumsaidia. Alifungua ripoti ya utafiti. "Mama, si kwamba tunawapuuza. Ninyi ndio mfano wetu. Wewe mwenyewe umenukuliwa hapa." Akasoma: "'Hewa. Hewa haikutoshi?' Maneno mazuri sana. Yataandikwa kwenye bango la kuingilia."

Watu wakapiga makofi. Walikuwa wanampigia yeye.

Nje, Cornelius aliwafuata mpaka langoni. Alikuwa amekonda tangu meneja mpya aje.

"Mama, sikujua mlielewa hivyo. Haki ya Mungu, hakuna aliyesema."

"Na kama ungejua?"

"Ningewaambia ukweli. Kwamba mti haumpi mtu ardhi ya barabara."

"Na tungepanda?"

Cornelius aligeuza macho kuelekea barabara ya miti.

"Basi usingetuambia," alisema Zipporah, akaenda zake.

Kesho yake wanawake walikutana chini ya miti, na haukuwa mkutano mzuri. Pascalia alikuja na panga limefungwa kwenye leso. Alitaka miti ibanduliwe gome kwa kuzunguka shina, yote, ikauke ikisimama. "Wakija na mabenchi yao wakute kuni."

"Hakuna atakayegusa mti," Zipporah alisema.

"Kwa nini? Unawahifadhia kina Philip?"

"Aking'oa mtu alichokipanda, amekiri kwamba mahali si pake."

"Senje, si petu. Wametuambia si petu. Ulikuwa ukumbini, ama?"

"Wamesema. Mimi sijasema."

Wengine walianza kuongea kwa pamoja. Nani alituambia tupande? Nani alisema tusiite wanaume? Nani alitufundisha kusema hewa, sasa hewa imekuwa fimbo ya kutuchapia? Usiku uliotangulia Nehemiah alikuwa hajalala kwa maumivu, na Mideva alikuwa hajalala kwa kumgeuza. Alipoongea hakupaza sauti.

"Wewe ulikuwa mjane tayari. Sisi ndio tulioleta waume zetu kwenye mti wako."

Pascalia mwenyewe aliangalia pembeni. Zipporah alimtazama Mideva, macho makavu, akaanza kukunja gunia lake taratibu, kona kwa kona, ijapokuwa ilikuwa bado asubuhi na mboga zilikuwa hazijauzwa.

Miti haikukatwa. Si kwamba Zipporah alishinda. Ni kwamba kila mmoja alikwenda nyumbani peke yake, na kazi kama ile haifanywi na mtu mmoja.

Jumatatu ilipofika, askari wa kanjo, wale wa kaunti, walikuja na lori. Soko jipya lilikuwa na bati zuri na choo, ila halikuwa na njia ya watu. Hata mbuzi walipita mbali. Pascalia alirudi kwao Shinyalu. Mideva alipeleka cherehani huko akashonea wauzaji wenzake, na wao wakamuuzia nyanya, na hiyo ndiyo ilikuwa biashara. Kule barabarani, vibati vya majina viling'olewa, vikafungwa vipya vyenye nembo ya kampuni iliyodhamini mabenchi. Na mwaka haujaisha, Philip alikuwa ameweka meza na miavuli chini ya lusiola tatu na kuuza kahawa. Yeye alipewa kibali, kwa sababu kahawa, kama walivyoeleza, inawavutia watu waje kwenye mazingira.

Ikaja redio tena. Walisema mji umebadilika, wananchi wameelimika.

Zipporah hakukanyaga soko jipya. Alikuja palepale kila siku, akaketi kwenye benchi la mradi chini ya mti wake, bila mboga, bila kitu. Askari wa zamu, kijana wa Khayega, hakujua amfanye nini. Sheria ilikataza kuuza, haikukataza kuketi.

"Mama, leo si umekaa sana?"

"Si mmesema watu wapumzike? Napumzika."

"Tangu asubuhi?"

"Nilichoka zamani."

Mideva aliyasikia hayo kwa watu. Yeye mwenyewe hakupita njia ile. Akitaka uzi mjini alizunguka kwa juu, akilipa safari ndefu kwa miguu kuliko kukutana na macho yale makavu.

Mvua za Aprili ndizo zilizomchukua Zipporah, kwa ugonjwa wa kifua. Makhanu alikuja kutoka Matungu kudai maiti, na alidai kwa heshima zote, kwa gari la kukodi lililofungwa vitambaa vyeupe, kwa maana mke aliyetolewa mahari huzikwa kwa mume wake, na boma ambalo halimziki mke wake hupata aibu. Mideva alikwenda. Waliimba, walikula nyama, Makhanu alihutubu juu ya shemeji yake mpendwa aliyekuwa mfano wa uvumilivu. Kaburi lilichimbwa kando ya la mume, miwa ikigusa udongo mpya. Hapo alipewa ardhi, na hakuna aliyemwambia aonyeshe mti.

Akirudi kutoka mazishini, Mideva hakuyawaza ya Makhanu. Aliwaza mara ya mwisho alipomwona Zipporah, mwezi mmoja kabla ya mvua.

Siku hiyo mguu wa Nehemiah ulikuwa umevimba na alikuwa anakimbilia dawa. Hakuwa na muda wa kuzunguka kwa juu, akakata kupitia barabara ya miti. Benchi lilikuwa tupu. Alishangaa jinsi moyo wake ulivyoshtuka kulikuta tupu. Maua yalikuwa yameanguka juu yake, akayafuta kwa mkono akaketi pumzi moja tu, akitazama mahali cherehani ilipokuwa inasimama. Paliwekwa mawe meupe ya kupangwa.

Alipoinua macho, Zipporah alikuwa anakuja kutoka upande wa bomba na jerikeni yake ya manjano, amekonda, anatembea akishika mti hadi mti.

"Senje."

"Nehemiah anatembea?"

"Anatembea. Kwa gongo."

"Ni vizuri."

Kwenye meza za Philip wasichana wawili walikuwa wanapigana picha na maua. Mideva alikuwa amejiandalia maneno kwa miezi mingi, mengine ya kuomba radhi na mengine ya kulaumu. Alivuta mkoba wake mapajani, akampapasia upande wa pili wa benchi.

"Keti, Senje. Umechoka."

Zipporah hakuketi. Alisimama pale akihema, mkono mmoja shinani, akaliangalia benchi, akamwangalia aliyeketi.

"Sogea kidogo, Mideva. Hapo umekalia pangu."